Siku Thelathini za Mwalimu Mlelwa

Uliwaona. Usiniambie hukuwaona. Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, saa tatu asubuhi, watoto ishirini na watatu walishuka njia ya msitu wa paini na mifuko yao mgongoni, kimya, wamefuatana kama wanaokwenda kuteka maji. Walipita kando ya shamba lako la viazi. Ulikuwa umeinama. Ukainua kichwa, ukawatazama, ukainama tena. Mmoja alikuamkia. Ni Fausta Kiswaga, binti wa miaka kumi na mitatu, ambaye herufi humchezea machoni akisoma, lakini mpe hesabu ya kichwa uone atakavyowaaibisha walimu. Alisema, "Kamwene." Ukajibu, "Kamwene," na hukumuuliza anakwenda wapi siku ya shule jua likiwa limeshapanda.

Nakuambia mimi. Walikuwa wamerudishwa nyumbani ili wasihesabiwe. Leo Ijumaa, saa sita mchana, Daftari la Taifa la mtihani wa darasa la sita linafungwa. Mtoto ambaye jina lake halimo hafanyi mtihani, na tangu sheria ile ya mwaka wa hamsini na tisa, mtoto asiyefanya mtihani haandikwi tena popote. Si shule, si chuo cha ufundi. Anakuwa mtu wa kupasua kuni na kuchuma chai ya wenzake mpaka mgongo uishe.

Mimi ni fundi wa madawati wa shule ya Idunduma, na mjumbe wa kamati yake mwaka wa kumi na moja huu. Haya nilianza kuyaandika jana mchana na ninayamalizia nikiwa uwanjani. Soma haraka. Muda wenyewe hauna huruma.

*

Jumatatu wiki hii nilikuwa ofisini kwa mkuu nikibadilisha bawaba ya mlango. Mkuu wetu ni Madamu Levina Nyigu, miaka thelathini na mmoja, alihamia hapa mwaka jana akitokea Makete. Alikuwa amekaa mbele ya mtambo wa Daftari. Ni sahani nyeusi tu iliyolala juu ya meza, na haipokei maandishi. Zamani majina yaliandikwa kwa mkono, watu wakayachakachua, ndipo wakubwa wakaamua kwamba mkuu wa shule atataja kila jina kwa kinywa chake. Mtambo unaijua sauti yake, pumzi zake na mapigo ya moyo wake. Vya mtu mwingine hauvitaki.

Nyuma yake alisimama msaidizi wake, Mwalimu Kihwele, ameshika orodha na rula.

"Atukuzwe Mgaya," Madamu akasema.

Mtambo ukalia tiki.

"Enosi Mhapa."

Tiki. Huyo ni mwanangu. Kumbuka hilo, usije ukadhani napiga kelele kwa sababu wangu kaachwa. Wangu yumo.

"Fau..."

Akanyamaza. Niliona mishipa ya shingo ikimtoka.

"Fau..."

"Kunywa maji, Madamu," akasema Kihwele. "Jina lenyewe la Kizungu hilo, halishuki bila maji." Akacheka peke yake.

Hakunywa. Jasho lilimtoka kwenye midomo, na hapa kwetu mwezi huu hata ng'ombe wanatetemeka kwa baridi. Kisha akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi, ngumi mdomoni, halafu akajishika kiunoni kama mtu anayepandisha suruali. Madamu Levina alikuwa amevaa gauni.

Nyundo ilinitoka mkononi. Kikohozi kile nakijua. Nimekisikia miaka kumi na tisa kwenye uwanja huu. Ni cha Mwalimu Mkuu Gaudensi Mlelwa, aliyestaafu mwaka juzi.

"Linalofuata," Madamu akasema, na sauti sasa ilikuwa laini kabisa, kama mlango niliokuwa nimetoka kuupaka mafuta. "Festo Mlowe."

Tiki.

Kihwele akaweka rula juu ya jina la Fausta na kuchora mstari. Alikuwa na mazoea. Mistari ishirini na miwili ilikuwa tayari.

*

Wewe unajua punje ni nini, au unajifanya hujui. Ngoja nikukumbushe ilikotoka, kwa maana wanaotawala wanategemea sana usahaulifu wako.

Mwaka wa arobaini na mbili, Mwalimu Sanga aliletewa barua siku ya Ijumaa. Jumatatu akawa mkuu. Ijumaa alikuwa anafundisha sayansi, hodari kweli kweli, na Jumatatu akakabidhiwa walimu kumi na wanne, watoto mia nne, paa linalovuja na wazazi wenye hasira. Hakuna aliyemfundisha kuongoza mtu mzima. Hakuna aliyekaa naye hata siku moja. Alijifunza kwa kuvunja vitu, na vitu vyenyewe tulikuwa sisi.

Mwaka wa arobaini na tisa tulitembea kwa miguu mpaka halmashauri. Nilikuwemo. Tulisema maneno mepesi: waandaeni wakuu wa shule. Mwaka mmoja chuoni wakisomea kazi hiyo, mwaka mmoja kando ya mkuu mzoefu, kisha mtu wa kuwatembelea kila mwezi, akae nao, awaulize wamelalaje. Afisa mmoja mwenye koti la kijivu aliandika kila kitu. Nakala ninayo. Jibu lilikuja baada ya miaka kumi na mmoja, na jibu lilikuwa punje.

Kidude chenyewe ni kidogo kuliko ulezi. Mkuu anayekaribia kustaafu anavaa punje tupu nyuma ya sikio kwa siku thelathini, nayo inajifunza anavyoamua. Ikishajaa inakwenda kwa mrithi. Wanaiita Urithi. Hakuna chuo tena, wala mkuu mzoefu wa kukaa naye, na kukabidhiana ofisi kule kwa zamani, wiki nzima mmepanga meza mbili chumba kimoja, kumefutwa. Madamu Levina alipata barua Ijumaa kama Sanga, Jumamosi akatobolewa nyuma ya sikio, Jumatatu akasimama paredi. Tofauti ni kwamba Sanga alikuwa peke yake kichwani mwake.

Punje haisemi. Miezi mitatu ya kwanza inalala tu ikijishikiza. Miezi hiyo tulimfahamu Levina mwenyewe. Mwanamke wa kicheko kikubwa, alicheza netiboli na wasichana, mabega yakigongana, akianguka anaanguka kweli. Jioni alikaa na Fausta jikoni kwake, wakisoma kwa kukata maneno kwenye maboksi ya sabuni. Nilimsikia akimwambia, "Hilo neno limekuogopa, umeona? Limesimama. Lisome kabla halijakimbia."

Mwezi wa nne punje ikaamka. Ikiamka inafanya kazi moja. Ukitaka kufanya jambo ambalo mtangulizi wako angelifanya, kila kitu kinateleza. Ukitaka kufanya ambalo asingelifanya, ulimi unakufa ganzi kama umechomwa sindano ya kung'olewa jino, na mkono unakuwa gogo. Kicheko kikapotea kwanza. Halafu netiboli. Asubuhi ya Jumatatu ile ya watoto ishirini na watatu, nilikuwa kwenye stoo ya shule, nikamsikia paredi akiwaambia waende nyumbani "wakapumzike mpaka watakapoitwa". Maneno yalitoka matamu, yana mwendo wa wimbo. Na usoni machozi yanamtiririka. Watoto wadogo wa mbele waliyaona. Walimu waliangalia viatu vyao.

Afisa elimu kata hupita mara moja kwa mwezi, hashuki kwenye pikipiki. Pale langoni kuna taa. Ikiwa ya kijani, mkuu yuko sawa na punje yake. Anapiga picha ya taa, anaondoka. Huo ndio msaada anaopewa mkuu wa shule katika nchi hii, mwaka wa sitini na nane. Picha ya taa.

*

Jumanne asubuhi alinitumia mtoto nyumbani. "Madamu anasema uje na vifaa, rafu inataka kuanguka."

Nilikwenda. Rafu ilikuwa imara. Niliitengeneza mwenyewe, ubao wa mkaratusi, inaweza kubeba fahali.

"Hii, Madamu?"

"Hiyo, Baba Enosi. Shusha vitabu vyote kwanza." Akakohoa mara mbili. "Ukivishusha, vipange kwa miaka. Mkuu anapenda vitu vyake vipangwe."

Anapenda. Hakusema *napenda*. Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa yamenikazia kama ya mtu aliyefukiwa mpaka kidevuni. Ndipo nikaelewa. Mlelwa aliagiza rafu zitengenezwe kila mwaka. Ilikuwa tabia yake. Punje isingeona kosa. Mwanamke huyu alikuwa amekaa ndani ya mazoea ya mtu mwingine, akitafuta tundu la kupitishia mkono.

Nikashusha. Vilikuwa vitabu vya mahudhurio, vile vya karatasi, ambavyo shule yetu haikuwahi kuviacha. Nikavipanga kwa miaka. Nilipofika mwaka wa sitini na sita, Madamu alianza kupumua kwa nguvu. Nikafungua. Mwezi wa tano: mahudhurio ya kawaida. Mwezi wa sita, tarehe tatu: watoto thelathini na wanane hawapo. Kesho yake, wale wale. Kila siku, wale wale, alama nyekundu zimeshuka ukurasa mzima kama mvua. Siku ya thelathini na moja, wote wamerudi.

Siku thelathini. Zile ambazo Mlelwa alivaa punje tupu.

Wizara ilikuwa imemtangazia tarehe, unaona? Na mkuu wa shule wa kwetu akiambiwa wageni wanakuja kupima, anafanya kile ambacho wakuu wote wamefanya tangu babu zetu: mawe yanapakwa chokaa, walimu wanavaa tai, na watoto wazito, wachafu, wanaokosea kusoma mbele za watu, wanaambiwa wakae nyumbani mpaka gari liondoke. Wote tunajua. Tulikuwa tunacheka. Gari likiondoka, maisha yanarudi. Ila safari hii mgeni hakuondoka. Mgeni alikuwa nyuma ya sikio, siku thelathini mfululizo, akiandika kwamba huyu ndiye mkuu bora: mtu ambaye kila asubuhi anawaficha watoto wake dhaifu. Punje ya Mlelwa ikashika namba moja katika kanda. Ikanakiliwa. Leo imo kwa wakuu elfu moja na mia sita.

Katika orodha ile ya alama nyekundu nilikuta jina la Enosi wangu, darasa la nne wakati huo. Nilikuwa nimelisahau, mimi ninayejisifu sisahau. Aliniambia, "Baba, tumeambiwa tupumzike." Ilikuwa msimu wa mahindi. Nikamwambia vizuri, chukua kikapu.

"Rafu imepona?" Madamu aliuliza.

"Bado," nikasema. "Lakini nimeuona ufa."

Akafumba macho.

*

Jumatano tulikwenda kwa Mlelwa. Mkuu mpya kwenda kumsalimia mstaafu na kilo mbili za sukari ni heshima, na Mlelwa alipenda heshima, kwa hiyo miguu ya Madamu ilikwenda bila shida. Tulimkuta anakata machipukizi ya mianzi anayogema ulanzi, pombe yetu ya huku, suruali imeinuliwa juu ya kitovu. Mkewe, Mama Editha, akatutolea viti. Ukutani nyuma yake cheti kimewekwa kioo: Mkuu Bora wa Kanda.

"Mrithi wangu!" akasema Mlelwa. Akakohoa mara mbili, akapandisha suruali.

Madamu akakohoa mara mbili, akajishika kiuno.

Mama Editha alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Baba Editha, huyu ni wewe mwenye hereni!" Halafu kicheko kikamkatika taratibu. Alimwangalia Madamu, akamwangalia mumewe. "Mwanangu, una kifua?"

"Sina, mama," akasema Madamu. Hilo liliruhusiwa.

Nikaona nisipoteze muda. "Mzee, kuna watoto ishirini na watatu. Hawezi kuwataja. Kila akifika kwao unamziba wewe."

"Mimi niko hapa kwenye mianzi yangu."

"Uko pale nyuma ya sikio. Mwezi wa sita, mwaka juzi. Watoto thelathini na wanane."

Alikata chipukizi jingine. Kisu kiliteleza. "Wageni wakija kwako, hufagii?"

"Nafagia takataka, Mzee. Sifagii watoto."

"Wee fundi, usinifundishe shule!" Akainuka. "Walinipa nini mimi? Miaka kumi na tisa sijaona mtu wa kuniambia hapa umekosea, hapa umepatia. Miaka kumi na tisa! Kinachokuja ni namba. Shule yako ya ngapi. Ningefanyaje? Na wewe, Enosi wako alikuwemo kwenye hao thelathini na wanane. Ulikuja kuniuliza? Hukuja. Alikuvunia mahindi ukashukuru."

Nikainama, nikaanza kuokota machipukizi aliyoyakata.

Mama Editha akamsogelea mumewe. "Na hao wa sasa," akasema polepole, "watarudishwa wakati gani?"

"Hawarudishwi, mama," nikasema. "Ijumaa saa sita ndiyo mwisho."

"Wewe ulikuwa unawarudisha," akamwambia mumewe.

"Nilikuwa nawarudisha." Mzee akakaa. "Siku ya thelathini na moja, asubuhi na mapema, niliwafuata mwenyewe nyumba kwa nyumba. Hiyo haikuingia? Hiyo hawakuichukua?"

Walikuwa wameshaikusanya punje jioni ya siku ya thelathini.

*

Alhamisi Mlelwa alikuja ofisini amevaa suti ya kustaafia. Kanuni inasema mwenye urithi anaweza kuusahihisha kwa sauti yake mwenyewe. Akakaa mbele ya mtambo, maana ndio huo huo unaotunza urithi, akaweka kiganja.

Mtambo unauliza kwanza, ili ujue ni wewe. "Mtoto hajui kusoma, mthibiti ubora anakuja kesho. Unafanya nini?"

"Namkalisha mbele," akasema Mlelwa, "asome anapoweza."

"Ufanano, asilimia thelathini na nne. Huyu si Gaudensi Mlelwa."

"Ni mimi!"

"Huyu si Gaudensi Mlelwa."

Kihwele, safari hii hakucheka, akamnong'oneza: "Mzee, jibu kama ulivyokuwa unajibu."

Akavuta pumzi. Swali likarudi. "Namrudisha nyumbani," akasema.

"Ufanano, asilimia tisini na saba. Karibu, Mwalimu Mlelwa. Unataka kusahihisha nini?"

"Nataka watoto wasirudishwe nyumbani."

"Ufanano, asilimia thelathini na moja. Huyu si Gaudensi Mlelwa."

Alijaribu mara nne. Kila akijinyoosha awe mwema, anakuwa mtu mwingine. Kila akikubali kuwa yule wa siku thelathini, anatambuliwa, na yule wa siku thelathini hana la kusahihisha. Mara ya tano mtambo ukajizima. Mzee akatoka nje, akakaa kwenye dawati lililovunjika ninalosubiri kulitengeneza, magoti yakimfika kifuani. Aliniuliza, "Fundi, sasa mimi ni nani?" Nikamwambia nyamaza kwanza tufikiri.

Ndani, Madamu Levina akaniita.

"Baba Enosi. Acha koleo lako hapo mezani. Kuna msumari unanisumbua."

Niliangalia meza. Hakukuwa na msumari. Nikaangalia shingo yake, nyuma ya sikio la kulia, mahali ngozi imevimba kidogo.

Nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe. Punje iking'olewa kwa nguvu, mtambo unachukua dakika kumi na mbili kabla haujagundua. Dakika kumi na mbili zinatosha kutaja majina ishirini na matatu, kama ulimi utakuwa bado unafanya kazi. Maana wapo waliong'oa, na nusu yao hawajasema neno tangu siku hiyo. Na mtambo ukishagundua, taa inakuwa nyekundu, na shule isiyo na mrithi inafungwa siku ile ile. Watoto wote mia nne na kumi na wawili wanahamishiwa Kitumbi, kilomita kumi na saba, ng'ambo ya mto unaochukua watu kila masika. Tunajua ni wangapi watafika huko kila siku. Wa darasa la kwanza hawatafika kabisa. Ukiokoa ishirini na watatu, umewatupa mia tatu themanini na tisa njiani. Ukiwalinda mia tatu themanini na tisa, umewazika ishirini na watatu kwa mdomo wako.

Nani alimpa mwanamke huyu mzani huo aushike peke yake? Nyie. Mimi. Tulionyamaza tulipoona wakuu wanapewa punje badala ya mafunzo, kwa sababu taa ilikuwa ya kijani.

Nikaliacha koleo mezani. Enosi wangu naye atatembea hizo kilomita kumi na saba. Nililiacha hata hivyo.

"Msumari huu," akasema, na nilimwona anavyovuta kila neno kama anavuta ndoo, "nitaung'oa kesho. Saa tano na nusu. Kama... hakuna... fundi mwingine."

*

Hakuna fundi mwingine. Niliyarudia maneno hayo njia nzima. Nilipofika nyumbani nikatoa kabrasha la kanuni za Urithi, kurasa mia mbili na sita. Kila mjumbe wa kamati alipewa lake, na najua wawili waliolifanya kifuniko cha mtungi. Nikalisoma lote mchana ule, kidole kwenye mstari. Ukurasa wa mia na sabini, kanuni ya kumi na nne. Iliwekwa kwa ajili ya mkuu atakayeugua homa punje ikamchanganya. Inasema hivi: theluthi mbili za wazazi wakiwa ndani ya eneo la shule kwa miili yao wenyewe, viganja vyao vikapokelewa na lango, urithi wa mkuu unasimama kwa saa ishirini na nne, na shule haifungwi.

Soma tena. *Shule haifungwi.* Hakuna mtu wa kutupwa. Hakuna koleo. Ulimi wake unafunguka siku nzima.

Wazazi walioandikwa ni mia mbili themanini na wawili. Theluthi mbili ni mia na themanini na wanane.

Tulianza jana jioni, mimi na Mlelwa na Mama Editha, nyumba kwa nyumba. Wengine walivaa viatu kabla sijamaliza kusema. Wengine wakaniuliza nimekunywa wapi. Baba yake Atukuzwe alisimama ndani ya uzio wake, mikono mifukoni.

"Wa kwangu jina limo," akasema.

"Na wangu limo."

"Sasa unatafuta nini? Wakiingia hao vilaza ishirini na watatu, wastani unashuka. Shule yetu itakuwa ya ngapi?"

"Ya ngapi ndiyo iliyotufikisha hapa, ndugu yangu."

"Mi' nina lori la viazi kesho."

Mlelwa akasogea, mzee wa watu, suti imejaa vumbi. "Wewe nilikufundisha darasa la pili," akamwambia. "Ulikuwa hujui kusoma mpaka mwezi wa tisa. Nilikuweka dawati la mbele. Ungekuwa wangu wa siku zile thelathini, leo ungekuwa unapakia viazi vya mwenzio."

Alifunga mlango. Lakini leo saa tatu yupo hapa, karibu na nguzo ya goli, amenuna, na kiganja chake lango limekipokea. Watoto ishirini na watatu nao wamekuja, tumewakalisha chini ya dirisha la ofisi. Fausta anasoma kwa sauti namba inayopanda juu ya lango, kwa sababu namba hazimsumbui.

Ni saa tano na dakika kumi na nane. Ndani ya ofisi Madamu Levina amekaa wima mbele ya mtambo. Anatuona dirishani. Hawezi kutuita, hawezi kutupungia, maana Mlelwa wa siku thelathini asingependa wazazi uwanjani. Kinachosogea ni mkono wa kulia tu, juu ya meza, kidogo kidogo, kuelekea koleo. Kung'oa msumari kunaruhusiwa.

Fausta amesoma tena: mia na sabini na tisa.

Bado tisa. Sizungumzi na taifa, sizungumzi na wizara, hao nitawafuata wiki ijayo, na safari hii hatutarudi mpaka wakuu wa shule wafundishwe na watu na kutembelewa na watu. Sasa hivi nazungumza na wewe uliyesimama na simu hii mkononi, mwenye mtoto shuleni hapa, ukijiambia tisa watapatikana tu bila wewe. Wenzako wote mia moja na wawili waliobaki wanajiambia hivyo hivyo. Barua usiandike. Usinitumie pole. Kutoka kwako mpaka hapa ni dakika nane ukikimbia, na Madamu amebakiza kumi na mbili.

Zima jiko. Mbebe mdogo. Kimbia, uweke kiganja chako langoni.